Basi Lenye Dirisha Moja

Mdogo wangu, mjukuu wetu ametoka gazetini! Tone wetu huyuhuyu, picha nzima, siyo kichwa peke yake, amesimama kando ya basi lake la boksi, na pembeni unaonekana mkono umeshika mwiko. Mkono huo ni wangu. Mtu akikubishia mwambie aitazame bangili.

Nimekurupuka na habari kabla ya salamu, kama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya matope. Nisamehe, ndivyo nilivyo, unanijua. Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Na ule mguu wako uliokuwa ukivimba jioni, umepungua, au bado unauficha kwa gauni refu ukijifanya mzima? Nijibu ukweli. Sisi huku miili ni mizima, tunakula, tunalala, tunaamka. Ya moyoni nitayafikia, kwa sababu barua hii sikuiandika kwa ajili ya gazeti. Gazeti limetangulia kwa kuwa furaha ndiyo iliyotangulia, na nataka mambo uyapate kama yalivyonijia mimi.

Kwanza nikupe habari za mwanangu, maana nisipomsifu mimi atasifiwa na nani? Amepewa darasa la wadogo kabisa, wale wa chekechea ambao hata pua hawajui kufuta. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayewapikia uji na kufagia, haya ninayokuambia nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Nyumbani ni binti yangu. Tukishavuka geti la shule ninamwita Mwalimu, tena kwa sauti, ili na wapita njia wasikie. Mimi niliyeishia njiani, nikatoka shule najua kusoma na kuandika tu, nimezaa Mwalimu! Niache nilitamke.

Darasa lake halifanani na darasa lolote ulilowahi kuingia. Hakuna kuimba a, e, i, o, u mpaka mishipa ya shingo isimame. Kuna kona ya vitu. Maboksi ya sabuni, vizibo, mabaki ya vitambaa vya mafundi, kamba, mawe laini, makopo, beseni la maji na beseni la udongo. Watoto wanaingia, wanachagua, wanatengeneza, na hakuna anayewaonyesha mfano. Siku moja kitambaa cha bluu kilikuwa mto, wakavua samaki ambao ni viatu vyao wenyewe. Kesho yake kitambaa kilekile kikawa mgonjwa, wakakilaza, wakakipima homa, wakakikaripia kwa kutokunywa dawa. Siku nyingine Mwalimu aliwaanzia hadithi ya mbuzi aliyepotea sokoni, akanyamaza katikati, akawaachia waimalize wao. Kuna aliyemfanya mbuzi mkuu wa soko na kuanza kukusanya ushuru. Siku hiyo uji uliungua, nimesimama mlangoni mdomo wazi.

Sheria ya darasa lile ni moja tu, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mkubwa haruhusiwi kumwambia mtoto alichotengeneza ni nini. Hata kama unaona waziwazi ni nyumba, usiseme nyumba nzuri. Unachuchumaa mpaka uso wako ulingane na wake, unasema, niambie. Kisha unanyamaza. Asiposema, unaondoka zako. Nilimuuliza Mwalimu, ikiwa mtoto amechora ng'ombe, na mimi namwona ng'ombe na pembe zake, nijifanye kipofu? Akanijibu kwamba nikishasema ng'ombe, hata kama alikuwa amemchora mama yake, mtoto atakubali ni ng'ombe, kwa sababu mimi ni mkubwa na yeye anataka nifurahi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikawasimulia wenzangu bombani, nao wakacheka. Yashike maneno hayo, mdogo wangu. Mimi sikuyashika.

Wazazi walianza kunung'unika. Muuza vipuri wa pale njia panda, mwenye mapacha, alikuja akasimama katikati ya uwanja na kutangaza kwamba yeye aliwaleta wanawe wasome, si waokote takataka, takataka hata dukani kwake zipo. Wengine wakamwitikia. Mwalimu mkuu akamwita mwanangu ofisini, akamwambia muhula huu ukiisha bila watoto kuwa na kitu cha maana cha kuonyesha, darasa atapewa mwingine, mwenye chaki na fimbo. Mwanangu alitoka mle ametulia kama maji ya mtungini, akaenda kuwafunga watoto kamba za viatu. Aliyetetemeka ni mimi.

Sasa nije kwa Tone. Mengine ulikuwepo, lakini nitayarudia, maana barua hii nataka uwasomee na wenzako.

Mwanangu wa kiume, baba yake Tone, alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, brashi ya rangi bado mkononi, tulikaa jikoni kwangu, mimi, wewe, kaka yetu na jirani yangu Mama Cherehani. Mtoto ana miaka minne, mama yake ameolewa kwingine na hajui hata mguu wa mwanawe unavaa kiatu gani, atabaki na sisi, tumwambie nini? Tukakubaliana kwa kauli moja. Baba amesafiri, amepata kazi ya kupaka rangi majengo marefu, mbali sana. Wewe ulisema mtoto wa umri ule husahau kabla nguo haijakauka kambani. Kaka akasema tusimtie mtoto sumu. Mwalimu peke yake ndiye aliyekataa, akasema aambiwe neno lenyewe, nasi tukamwambia hajazaa, anyamaze. Siku ya mazishi Tone akapelekwa kwa Mama Cherehani, kule chumbani kwake juu, achezee vifungo. Sisi tukaenda kuzika kwenye mvua ile.

Tangu siku hiyo Tone hakuuliza. Hata mara moja, mdogo wangu, hakuuliza baba yuko wapi au anarudi lini. Nami nikawa natembea nikijisifu kwamba mjukuu wangu ni mvumilivu kama mtu mzima. Nikimnunulia viatu nasema baba ametuma. Sweta, baba ametuma. Anasema ahsante bibi, anavaa, kisha ananitazama, ananitazama kwa muda. Nilidhani ni shukrani.

Siku moja liliachwa pale shuleni boksi refu la kabati jipya la mwalimu mkuu. Tone akalivuta mwenyewe mpaka kona yake. Akalilaza. Akalipaka chokaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, bila kuruka mahali, kama alivyofundishwa na baba yake. Karibu na ncha moja, upande wa juu, akaomba akatiwe dirisha dogo, akaliziba kwa nailoni inayopitisha mwanga. Ndani akaweka brashi ya baba yake, ile aliyokuwa akilala nayo, na kikombe, na kipande cha kitambaa cha kujifunika. Wenzake walipotaka kuingia aliwazuia. Akawaambia kuna mtu.

Hapo mimi nikaingia na sinia la vikombe. Nikaona boksi, nikaona dirisha, nikaangua kicheko. Nikasema kwa sauti kubwa, jamani tazameni basi la Tone, basi la kumfuata baba safarini! Watoto wakaanza kunguruma kama injini. Mwalimu alinitazama kana kwamba nimevunja kitu. Na Tone alinitazama mimi, akalitazama boksi lake, akanitazama tena. Akasema ndiyo bibi, ni basi.

Nikawa na kazi sasa. Basi halina magurudumu! Nilichukua vifuniko vya makopo, nikaazima gundi kwa fundi viatu, nikavibandika viwe magurudumu, jioni baada ya kufagia. Asubuhi nikayakuta sakafuni. Nikabandika tena. Asubuhi, sakafuni. Nikaenda kumtolea fundi viatu maneno kwamba gundi yake ni mate ya paka, naye akaapa kwamba gundi hiyohiyo imeshika soli za askari wa mji mzima. Mlinzi wa getini, mtu wa utani, akaja kulikagua akauliza basi gani hili lenye dirisha moja, tena juu, abiria wengine watapumua wapi? Nikamwambia hilo ni la dereva, kama hana safari apishe njia. Tukacheka. Tone alikuwa amekaa palepale, mkono juu ya boksi.

Kisha akaja mwandishi wa gazeti kutazama shule. Mwalimu mkuu alitaka kumpeleka kwa wakubwa wanaosoma vitabu. Mimi nikamvuta mkono wa shati, na mwiko wangu mkononi, nikamwambia aje aone akili zinavyochipua. Nikamweleza yote. Kona ya vitu, mbuzi wa sokoni, kitambaa cha bluu, na basi hili la mjukuu wangu ambaye baba yake yuko safarini. Akamwinamia Tone akamuuliza ametengeneza nini. Tone akanitazama. Akasema basi. Kamera ikamulika.

Gazeti lilipotoka, muuza vipuri ndiye wa kwanza kulileta, anamwonyesha kila mtu kwamba mapacha wake wanasoma humo. Mwalimu mkuu akaitia picha kwenye fremu. Darasa likabaki kwa mwanangu. Nilikuwa napita njiani mabega juu, nimeliokoa darasa la Mwalimu kwa mdomo wangu, na wewe unajua mdomo huu ulivyonitukanisha maisha yangu yote. Mwanangu hakushangilia. Aliniuliza tu kama nimeutazama uso wa Tone kwenye picha. Nikasema jua lilimpiga machoni. Akasema, mama, picha ilipigwa ndani.

Tone nilimpa gazeti lake peke yake, nikamwambia tutamtumia baba alione basi. Alilikunja vizuri, akaenda akaliingiza boksini kwa kupitia pale dirishani.

Siku tatu zilizopita nililitoa boksi nje. Ilikuwa saa ya wazazi kuja kuchukua watoto, nikasema wasipate shida ya kuingia, waone wakiwa getini. Nikaliweka juu ya benchi, magurudumu yake nimeyabandika upya. Mwalimu alikuwa ofisini. Mvua ikaja bila kupiga hodi, mvua nene. Watu tukakimbilia barazani. Mimi pia nilikimbia, sikufikiria, ni boksi.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya Tone. Sijawahi kumsikia akipiga kelele, hata alipong'oka jino. Alitoka mbio, akapanda kwenye benchi, akalala kifudifudi juu ya boksi, mikono ameitandaza, anajaribu kulifunika lote na mwili wake ule mdogo. Anapiga kelele kwamba baba analowa. Mtoeni, baba analowa, analowa tena. Wazazi wote wanasikia. Muuza vipuri ameshika mapacha wake, mmoja kila mkono, ameinamisha kichwa. Neno lile, tena, lilinipita kifuani. Mimi na mlinzi tukakimbia kulinyanyua, lakini karatasi ilikuwa imelainika, chini kukaachia. Brashi ikaanguka matopeni. Kikombe. Gazeti.

Mwalimu alimbeba ndani akamfunga kile kitambaa cha bluu. Akachuchumaa mbele yake, maji yanamtiririka, akamwambia, niambie. Nilikuwa mlangoni. Tone alifungua mdomo, akaniona juu ya bega la shangazi yake, akaufunga. Mwalimu akanituma nikalete nguo kavu. Nikaenda. Nilijua nimeondolewa.

Watoto walipokwisha kuondoka tulikuwa bombani tunaosha vikombe, mimi na mwanangu, kama kila siku. Akanieleza, bila kunitazama, aliyoambiwa na Tone nilipotoka. Siku ile ya mazishi Mama Cherehani alikuwa anakata kitambaa. Tone aliacha vifungo, akapanda juu ya kiti, akachungulia dirishani. Chini kwenye kichochoro tulikuwa tunapita na jeneza. Jeneza jeupe, mdogo wangu. Lina kile kioo kidogo cha usoni, na sisi hatukukifunika, tulikuwa na haraka ya mvua. Akauona uso wa baba yake kutoka juu, na maji yanapita juu ya kioo. Akashuka kitini, akarudi kwenye vifungo. Mama Cherehani hata hakugeuka.

Alijua tangu siku ile. Alijua kabla udongo haujakauka.

Nikamuuliza mwanangu, kama mtoto alijua, kwa nini alinikubalia kwamba ni basi? Kwa nini hakusema? Mwalimu aliendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. Kisha akasema Tone amemsihi asiniambie. Amemwambia bibi hajui kuwa baba amekufa. Bibi anadhani amesafiri, kila siku anamsubiri, ananunua viatu anasema ametuma yeye. Akiambiwa atalia sana, na bibi ni mzee, anaweza kufa na yeye. Ndiyo maana akasema ni basi.

Mdogo wangu, nilikaa chini palepale kwenye maji machafu.

Mtoto alikuwa ananilea. Kila nilipomletea uongo wangu aliupokea kwa mikono miwili, akauvaa, akaniangalia kama ninavyomwangalia mgonjwa ili nione ameamkaje. Na katika usiku wa moyo wake alikuwa humo peke yake, na boksi. Yale magurudumu hayakuwa na shida ya gundi. Alikuwa anafika shuleni mbele ya wote kuyabandua, ili baba yake alale, asisafirishwe.

Nilikwenda nikakaa sakafuni karibu yake. Nikamwambia, Tone, bibi anajua. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku ileile. Alifikiri. Nilitegemea atalia, nimkumbatie, yaishe. Hakulia. Akauliza, na shangazi? Nikasema anajua. Na babu mkubwa? Anajua. Na Mama Cherehani? Na bibi mdogo, yule mwenye mguu wa kuvimba? Nikasema bibi mdogo pia anajua, wote tunajua. Akanitazama kwa yale macho niliyokuwa nikiyaita shukrani. Kumbe siyo. Ni macho ya mtu anayeambiwa viatu vimetumwa na baba. Haniamini. Anadhani nimesema hivyo ili yeye afurahi. Akasema atawauliza mwenyewe, mmoja mmoja.

Ndiyo maana sikukupigia simu. Kwenye simu ungelia, ningelia, tungekata, na mtoto angebaki vilevile, akidhani yeye peke yake ndiye anayejua na sisi wote bado tunamsubiri msafiri. Mwenyewe anasema hivyo kwa kukaa kimya. Uji wangu hanywi. Nikimfunga vifungo vya sare ananyoosha shingo kama kuku anayengoja kisu. Mwalimu anasema nisimsukume.

Ameanza boksi jingine. Jana nilichuchumaa, na haya magoti unayajua, nikamwambia, niambie. Akanyamaza. Nikaondoka, kama sheria inavyosema, nikaenda kulilia jikoni kwenye moshi. Leo asubuhi akaja mwenyewe mlangoni, akaniomba nimkatie dirisha. Nikamuuliza likae wapi. Akaonyesha. Nikamuuliza liwe kiasi gani. Akapanua mikono yote miwili. Akasema kubwa, ili awaone waliokuja.

Kwa hiyo mje. Wewe, shemeji, kaka yetu, na yeyote mtakayempitia njiani. Mama Cherehani nimeshamwambia, tangu jana cherehani yake haijalia. Tutakwenda kaburini, Tone na boksi lake, halina gurudumu hata moja. Msilete pipi. Msilete nguo mkasema imetoka kwa fulani. Kila mmoja atachuchumaa mbele ya mtoto na kumwambia kwa kinywa chake kwamba anajua, na aseme neno lenyewe, amekufa. Asiseme amelala, asiseme ametutangulia. Mimi nimejaribu mbele ya kioo na limenikwama, kwa hiyo anza kulizoea tangu huko. Atakayeogopa aje hivyohivyo na woga wake.

Gazeti nimelifungia humu. Usihangaike na mkono wangu wala bangili. Utazame uso wake.

Nisalimie wote nyumbani, mpe pole shemeji kwa kusomewa barua ndefu, na huo mguu uupandishe juu ya mto usiku ili siku hiyo uweze kutembea. Mwalimu anakusalimu, anasema hana kinyongo na maneno ya jikoni siku ile. Tone hajatuma salamu. Amesema atakuuliza.

Ni mimi dada yako, bibi yake Tone, ninayewasubiri Jumamosi hii ijayo, asubuhi, kabla ya mvua.